Kabla hujaiamini aktini: namna ya kuhakiki protini za msingi kama kidhibiti cha upakiaji kwenye bloti za Western

Bloti ya Western hutenganisha protini kwenye jeli, kuzihamishia kwenye utando na kuzitambua kwa kingamwili. Ikihesabiwa, huishia kwenye mgawanyo mmoja: ishara ya protini lengwa juu, ishara ya kidhibiti (protini inayoonyesha ni kiasi gani cha sampuli kilipakiwa) chini. Macho ya wengi hubaki juu. Kosa lililoko chini huingia kwenye jibu kwa uzito uleule, tena kimyakimya, kwa sababu ni wachache wanaoitilia shaka bendi nene nyeusi ya aktini iliyonyooka kutoka njia (safu ya sampuli moja kwenye jeli) ya kwanza hadi ya mwisho. Bendi ikipendeza kiasi hicho ndipo inapofaa kushukiwa. Mara nyingi imeshiba, yaani haipandi tena protini ikiongezeka, na ishara iliyoshiba haipimi tena kitu.

Protini za msingi ni zile ambazo karibu kila seli huzitengeneza kwa maisha yake ya kila siku: aktini na tubulini za kiunzi cha seli, GAPDH ya kuvunja glukosi, histoni zinazozungushiwa DNA. Kuitwa za msingi hakuzizuii kubadilika. Kabla yoyote kati yake haijawa jiwe la mizani, mambo mawili yathibitishwe, kwa sampuli zako mwenyewe na kwa kiasi kilekile unachopakia: kwamba ishara yake hupanda na kushuka sawasawa na kiasi cha protini, na kwamba matibabu unayoyachunguza hayaigusi.

Hesabu ndogo inaonyesha gharama ya kuruka hatua hizo. Tuseme njia moja imepakiwa mara 2 ya mwenzake kwa bahati mbaya. Protini lengwa, ambayo bado inapimika vizuri, inasoma 2.0. Aktini iliyoshiba inasoma 1.1. Ukigawanya unapata 1.8, "ongezeko" lililotoka kwenye pipeti wala si kwenye seli. Sasa geuza: matibabu yamepandisha protini lengwa mara 1.5 kwelikweli, na yamepandisha GAPDH mara 1.5 vilevile. Ukigawanya unapata 1.0, na matokeo ya kweli yamefutika. Kosa la kwanza huzua kisichokuwepo, la pili huficha kilichopo, na kwa macho bloti zote mbili zinaweza kuonekana safi kabisa.

Kuchagua wa kuanza nao

Chagua protini mbili au tatu za kujaribu, usichague moja. Anza kwa kuondoa zile ambazo biolojia ya jaribio lako tayari inazikataa.

GAPDH (takriban kDa 37, yaani kilodaltoni, kipimo cha uzito wa protini) ni kimeng'enya cha glaikolisisi, kwa hiyo usitarajie itulie pale unapobadilisha glukosi, insulini au oksijeni. Uhaba wa oksijeni huipandisha kupitia HIF-1, protini inayowasha jeni pale oksijeni inapopungua. Isitoshe, seli ikiwa kwenye msukosuko sehemu ya GAPDH huhamia kwenye kiini, na hilo huvuruga kazi yoyote ya kutenganisha saitoplazimu na kiini.

Beta-aktini (kDa 42) hubadilika seli zinapokomaa kuwa aina nyingine, zinapobadilisha umbo, na zinaporudishiwa seramu baada ya kunyimwa. Kwenye misuli ya mifupa iliyokomaa ni chache, kwa kuwa aktini inayotawala huko ni ya aina ya alfa. Hapo jina la kloni ya kingamwili (ukoo wa seli unaoizalisha) lina maana kubwa: AC-15 hutambua aina ya beta, wakati C4 hutambua aktini za aina zote. Watu wawili wanaweza kuandika "aktini" kwenye ripoti zao, kila mmoja akawa amepima kitu tofauti.

Tubulini (kDa 50 hadi 55) haifai kwenye majaribio ya dawa zinazoshika mikrotubuli kama kolkisini, vinkristini na paklitakseli. Seli hufuatilia tubulini iliyo huru ndani yake, na ikizidi hupunguza RNA mjumbe ya kuitengenezea nyingine. Pia iepuke kwenye sampuli zilizovunwa kwa kingamwili, maana mnyororo mzito wa kingamwili hutua palepale karibu na kDa 50.

Kwa protini kubwa, vinkulini (kDa 117 hadi 124) ni chaguo zuri, isipokuwa unachunguza namna seli zinavyojishika. Kwa sampuli za kiini kuna histoni H3 (kDa 17) na lamini B1 (kDa 66 hadi 68), lakini lamini B1 hukatwa na kaspesi seli zinapokufa kwa mpangilio, na hupungua seli zinapozeeka. Kwa mitokondria kuna COX IV (kDa 17) na VDAC1 (kDa 32). Zote mbili hazina maana pale ambapo matibabu yanaongeza au kupunguza mitokondria zenyewe. HSP70 na HSP90, protini za kukabili msongo, ziache kabisa kama kuna joto au msongo wowote kwenye jaribio.

Kwa majimaji ambayo seli zimekulia hakuna protini ya msingi ya kutegemea. Ukiona aktini nyingi humo, hiyo ni dalili kwamba seli zimepasuka.

Uzito nao uangaliwe mapema. Kidhibiti kisipishane na protini lengwa kwa chini ya kDa 10 hivi, la sivyo bendi zitagusana pale unapopakia kiasi kikubwa, na kipimo cha moja kitabeba mwanga wa nyingine.

Sampuli: hapa ndipo kidhibiti huharibikia kabla ya jeli

RIPA ya kawaida, bafa ya kuvunjia seli (Tris-HCl mM 50 ya pH 7.4 hadi 8.0, NaCl mM 150, NP-40 asilimia 1, sodiamu dioksikoleti asilimia 0.5, SDS asilimia 0.1), ikiongezwa vizuizi vya protiesi (vimeng'enya vinavyokata protini) muda huohuo wa kuitumia, hutosha kwa protini nyingi. Ina mtego mmoja ambao husahaulika: aktini na tubulini zilizoungana kuwa nyuzi haziyeyuki zote kwenye sabuni laini. Baadhi hubaki kwenye mashapo na kutupwa. Kama matibabu yako yanazidisha nyuzi hizo, utaona aktini "imepungua" kwenye jeli ilhali ndani ya seli iko kiasi kilekile. Njia rahisi ya kujua ni kuchemsha mashapo yenyewe kwenye bafa ya sampuli (ile ya kuandalia sampuli kwa jeli) na kuyapitisha kwenye jeli pembeni ya majimaji ya juu yaliyotenganishwa nayo. Ukiyakuta yana bendi nzito, hamia kwenye bafa yenye SDS asilimia 1 hadi 2 na uvunje seli zikiwa moto.

Ukitumia RIPA, vunja DNA kwa mawimbi ya sauti hadi sampuli iache kuvutika kama ute, kisha izungushe kwa g 14,000 kwa dakika 15 katika nyuzijoto 4. Sampuli inayovutika haipimiki kwa pipeti, hata ukiwa na mkono mtulivu namna gani.

Pima protini kwa BCA (kipimo cha rangi cha jumla ya protini), kila sampuli mara tatu, ukitumia BSA (albumini ya ng'ombe) ya mikrogramu 0 hadi 2,000 kwa mililita kama kipimo rejea. Dakika 30 katika nyuzijoto 37, kisha soma kwenye nanomita 562. Pima kabla ya kutia bafa ya sampuli, kwa kuwa DTT na beta-merkaptoethanoli zinazotiwa humo huharibu usomaji wa BCA. Zimua sampuli ziangukie katikati ya mstari wa rejea. Sampuli iliyosomwa nje ya nukta ya mwisho imekisiwa tu.

Jaribio la kwanza: je, ishara inafuata kiasi?

Changanya kiasi sawa cha protini kutoka kila kundi la jaribio lako, waliotibiwa na wasiotibiwa, upate mchanganyiko mmoja. Mchanganyiko huu ni mali. Tengeneza mwingi na uugawe kwenye mirija midogo katika nyuzijoto −80, utakuwa kipimo rejea cha kila bloti itakayofuata.

Sampuli isiyozimuliwa iwe na angalau mikrogramu 2.67 kwa mikrolita. Juzuu 3 za sampuli na juzuu 1 ya bafa ya sampuli ya mara 4 zitakupa mikrogramu 2 kwa mikrolita. Chemsha dakika 5 katika nyuzijoto 95, kisha:

1. Andaa mikrolita 200 za mchanganyiko huo kwenye mrija wa kwanza.
2. Kwenye mirija mingine sita, weka mikrolita 100 za bafa tupu. Iwe ni bafa ya kuvunjia seli na bafa ya sampuli kwa uwiano uleule wa 3 kwa 1, ili chumvi na SDS zisitofautiane kutoka njia hadi njia.
3. Hamisha mikrolita 100 kutoka mrija wa kwanza kwenda wa pili, changanya vizuri, badilisha ncha ya pipeti, endelea hadi wa saba.
4. Pakia mikrolita 20 kutoka kila mrija. Sasa una mikrogramu 40, 20, 10, 5, 2.5, 1.25 na 0.625.
5. Weka njia moja ya bafa tupu, na jaza visima vya pembeni visivyotumika kwa bafa hiyohiyo ili bendi zisipinde.

Kila mrija unabakiwa na kiasi cha kutosha jeli tatu, na tatu ndizo zinazotakiwa. Jeli moja haitoshi kutofautisha tabia ya kingamwili na kosa la siku.

Hamishia kwenye utando kwa njia ya majimaji: Tris mM 25, glaisini mM 192, methanoli asilimia 20, volti 100 kwa dakika 60 hadi 90 huku chombo kikiwa baridi. Kwa vidhibiti vya chini ya kDa 20, kama histoni H3 na COX IV, tumia utando wa vitundu vya mikromita 0.2 badala ya 0.45, na uweke utando wa pili nyuma ya wa kwanza. Ukitia rangi utando wa pili ukakuta bendi, protini imepenya na kupita. Jambo baya ni kwamba hupita zaidi pale ilipo nyingi, kwa hiyo mstari hulala upande wa juu hata kama kingamwili na kamera hazina kosa.

Kabla ya kuzuia nafasi tupu kwa maziwa au BSA, tia utando rangi ya protini yote. Ponceau S ya asilimia 0.1 kwenye asidi asetiki ya asilimia 5, kwa dakika 5, ndiyo ya bei rahisi na huoshwa ikatoka. Suuza kwa maji hadi usuli uwe mweupe, piga picha, kisha osha kwa TBS (bafa ya Tris na chumvi) yenye Tween-20 asilimia 0.1. Wenye kamera ya fluoresensi watapata usahihi zaidi kwa SYPRO Ruby au rangi nyingine zinazong'aa, kwa kuwa Ponceau S huanza kupotea pale njia inapokuwa na protini chache. Rangi nayo ipimwe kwa mfululizo huohuo wa mzimuo. Itakuwa hakimu wa jaribio la pili, na hakimu naye akaguliwe.

Piga picha kwa biti 16, hifadhi kama TIFF. JPEG hubadilisha thamani za nukta na haifai kupimwa hata kidogo. Angalia kama kuna nukta iliyofika 65,535. Ikiwepo hata chache katikati ya bendi, picha hiyo haihesabiwi.

Sasa hesabu. Pima jumla ya mwanga wa kila bendi kwa kisanduku cha ukubwa uleule kwenye ImageJ au programu nyingine, ondoa usuli wa njia ileile. Kisha gawanya kila kipimo kwa kile kilicho chini yake. Kwa kuwa kila hatua ni maradufu, jibu linatakiwa liwe karibu na 2. Sisi hukubali 1.8 hadi 2.2. Mfano wa namba za aktini:

Mikrogramu 1.25: 1,000
Mikrogramu 2.5: 2,010 (mara 2.0)
Mikrogramu 5: 3,900 (mara 1.9)
Mikrogramu 10: 6,700 (mara 1.7)
Mikrogramu 20: 9,400 (mara 1.4)
Mikrogramu 40: 10,300 (mara 1.1)

Mstari mnyoofu ukipitishwa kwenye nukta tano za kwanza hutoa R² (kipimo cha jinsi nukta zinavyoukaribia mstari, 1 ikiwa kamili) ya 0.95 hivi, namba ambayo kwenye ripoti nyingi ingepita bila swali. Lakini kutoka mikrogramu 10 hadi 20 ishara imeongezeka mara 1.4 badala ya 2. Aktini hii inapimika hadi mikrogramu 5, basi. R² ni kipimo dhaifu hapa kwa sababu nukta kubwa za mwisho huivuta. Ukitaka namba moja, chora logi ya ishara dhidi ya logi ya kiasi na uangalie mwinamo: 1 ni sawa, ukishuka chini ya 0.9 ishara inashiba, ukizidi 1.1 aghalabu usuli umeondolewa kupita kiasi.

Rudia hesabu hiyohiyo kwa protini lengwa kwenye utando uleule, kisha tafuta kiasi ambacho zote mbili, pamoja na rangi, zinapimika. Kiasi cha kupakia kiwe katikati ya eneo hilo, si ukingoni, ili sampuli iliyopungua nusu na iliyozidi nusu zote zibaki ndani.

Imeshiba wapi?

Mara nyingi eneo la pamoja halipo. Protini lengwa adimu inahitaji mikrogramu 30, na aktini imeshiba kwenye 5. Usikimbilie kubadilisha kidhibiti kabla ya kujua ni kitu gani kimeshiba, kwa kuwa tiba ni tofauti.

Kamera. Piga picha za sekunde 5, 10, 20 na 40. Kama bendi nene inakuwa ndani ya mstari kwenye sekunde 5, tatizo lilikuwa muda tu. Piga picha mbili, moja ya kila protini, kila moja kwa muda wake, mradi muda huo uwe mmoja kwa sampuli zote. Filamu ya eksirei hushiba mapema mno na haifai kwa kazi hii.

Sabstreti. Kingamwili ya pili (inayoshika kingamwili ya kwanza, ile iliyoshika protini) hubeba HRP, kimeng'enya kinachomeza sabstreti, yaani kemikali ya kutoa mwanga, na bendi nene huimaliza kabla ya bendi nyembamba. Dalili yake ni bendi yenye tundu jeupe katikati, au mwanga unaofifia haraka kati ya picha ya kwanza na ya tatu huku bendi nyembamba zikiendelea kuwaka. Zimua kingamwili ya pili, mara 2 au hata 5 zaidi, badala ya kupunguza muda wa picha. Muda mfupi hauirudishi sabstreti iliyokwisha kuisha.

Kingamwili ya kwanza. Ikiwa chache kuliko protini iliyoko kwenye utando, bendi zote nene hupata kiasi kilekile cha kingamwili na kuonekana sawa. Hapa ndipo watu hukosea kwa nia njema: wanaona aktini inawaka mno, wanazimua kingamwili ya kwanza hadi ipendeze, na kwa kufanya hivyo wanaikaza zaidi pale ilipokuwa imebana. Jaribu mizimuo mitatu, mathalani 1:1,000, 1:5,000 na 1:20,000, kwenye vipande vitatu vya mfululizo uleule. Chukua ule unaotoa mwinamo ulio karibu zaidi na 1, hata kama bendi zake si nzuri kwa macho.

Utando. Kama hata rangi ya protini yote imepinda kwenye njia nzito, utando wenyewe umejaa au protini inapita. Punguza mzigo.

Kukiwa hakuna kinachosaidia, hamia kwenye kingamwili za fluoresensi. Mwanga wake hautegemei kimeng'enya, eneo lake la mstari mnyoofu ni pana zaidi kwa mbali, na unaweza kupima protini lengwa na kidhibiti kwa wakati mmoja kwenye mikondo miwili ya rangi, ilimradi kingamwili za kwanza zimetoka kwa wanyama tofauti, mathalani sungura na panya.

Njia ya mkato ambayo haikubaliki: kupakia mikrogramu 5 kwenye jeli ya pili kwa ajili ya aktini peke yake. Jeli ya pili haijui kilichotokea kwenye jeli ya kwanza. Kidhibiti cha upakiaji kikae kwenye utando uleule, njia ileile, na protini lengwa.

Jaribio la pili: je, matibabu yanaigusa?

Hapa unahitaji sampuli halisi za makundi yote: kila dozi, kila saa ya kuvuna, kila tishu. Marudio yawe ya kibiolojia, yaani seli zilizooteshwa na kutibiwa siku tofauti, au wanyama tofauti. Kupakia sampuli moja mara tatu kunapima mkono wako tu.

Pakia kiasi sawa kwa kila njia, ndani ya eneo ulilolipata. Changanya mpangilio. Wasiotibiwa wasikae wote kushoto na waliotibiwa wote kulia, kwa sababu uhamishaji hutofautiana kati ya ukingo na katikati ya jeli, na tofauti hiyo itavaa sura ya matibabu. Weka mchanganyiko rejea kwenye njia mbili za kila jeli. Tia rangi, piga picha, endelea na kingamwili ya kidhibiti.

Kwa kila njia, gawanya ishara ya kidhibiti kwa jumla ya rangi ya njia nzima, kutoka juu hadi chini, sio bendi moja iliyochaguliwa. Kisha gawanya kwa wastani wa njia mbili za mchanganyiko rejea za utando huo. Namba zinazobaki zinalinganishika kutoka utando hadi utando.

Sasa swali: je, makundi yako sawa? Kosa la kawaida ni kufanya jaribio la t la takwimu, kupata p ya 0.3 (isiyotosha kudai kuna tofauti), na kutangaza kwamba kidhibiti hakibadiliki. P kubwa inaweza kumaanisha tu kwamba sampuli ni chache. Kinachotakiwa ni kuonyesha usawa. Weka mpaka kabla ya kuona namba, tuseme asilimia 20 juu au chini, halafu kokotoa wigo wa uhakika wa asilimia 90 wa tofauti kati ya makundi. Wigo wote ukikaa ndani ya mpaka, kidhibiti kimefaulu. Ukitoka nje hata upande mmoja, hakijafaulu.

Idadi ya marudio ndiyo huamua. Kama mtawanyiko ndani ya kila kundi (mkengeuko sanifu ukigawanywa kwa wastani) ni asilimia 10, marudio 3 kwa kundi hukupa wigo wa karibu asilimia 17 kila upande, kwa hiyo tofauti uliyoiona lazima iwe chini ya asilimia 3 ili upite. Marudio 6 hupunguza wigo hadi karibu asilimia 10 na nusu. Mtawanyiko ukiwa asilimia 20, marudio 3 hayawezi kufaulu kamwe, na hata 6 yanagonga ukuta kwa asilimia 21. Anayesema amehakiki GAPDH kwa marudio matatu yenye bendi zinazoyumba hajahakiki kitu.

Mpaka wenyewe ufuate ukubwa wa badiliko unalolitafuta. Ukitafuta ongezeko la mara 5, kidhibiti kinachoyumba kwa asilimia 20 hakidhuru. Ukitafuta mara 1.3, kitakumeza. Kumbuka pia kwamba mtawanyiko wa mgawanyo hukusanya wa pande zote mbili: protini lengwa yenye asilimia 15 na kidhibiti chenye asilimia 10 hutoa asilimia 18 hivi, yaani mraba wa kila moja, ikijumlishwa, kisha jumla kutafutiwa kipeuo cha pili. Kidhibiti chenye kelele nyingi kuliko kosa la upakiaji unalotaka kulirekebisha kinaharibu zaidi ya kinavyotengeneza.

Rangi ya protini yote si malaika pia. Matibabu yanayobadilisha ukubwa wa seli, yanayozuia utengenezaji wa protini kama saikloheksimidi, au yanayoua seli nyingi, hubadilisha protini yote kwa seli moja. Kwenye hali hizo ongeza hesabu ya seli au kipimo cha DNA, na useme wazi matokeo yako ni kwa kila mikrogramu au kwa kila seli. Ni maswali mawili tofauti.

Kidhibiti kikifeli

Jaribu cha pili kwenye orodha yako. Vyote vikifeli, tumia rangi ya protini yote moja kwa moja kama kidhibiti. Hiyo si kushindwa. Kwa kweli ndiyo njia tunayoipendelea pale kamera inaporuhusu, maana jumla ya mamia ya protini haiyumbishwi kirahisi na badiliko la moja, na jarida la Journal of Biological Chemistry limekuwa likiwashauri waandishi wake kutumia protini yote kuliko protini moja ya msingi.

Kwa protini yenye fosfeti, kidhibiti cha kwanza ni protini hiyohiyo kwa jumla yake, yenye fosfeti na isiyo nayo. Kugawanya kwa aktini hakukuambii kama fosfeti imeongezeka au protini yenyewe ndiyo imeongezeka.

Usiegemee kwenye kung'oa kingamwili na kurudia utando uleule. Kung'oa huondoa protini pia, na si kwa kiasi sawa kila mahali. Afadhali kata utando kwa mlalo kati ya uzito wa protini mbili, au tumia mikondo miwili ya fluoresensi. Ukilazimika kung'oa, anza na protini adimu, na uhakikishe kwa kingamwili ya pili peke yake kwamba ishara ya zamani imetoka. Kuna wanaozima HRP kwa sodiamu azidi badala ya kung'oa. Inafanya kazi, ila iwapo masalia ya azidi yatabaki, HRP mpya nayo itazimika, na bloti nzima itakuwa tupu.

Ukishahakiki

Uhakiki ni wa mseto mzima: aina ya seli au tishu, matibabu, bafa, kingamwili, kiasi cha kupakia, namna ya kugundua mwanga. Kimojawapo kikibadilika, rudia. Chupa mpya ya kingamwili yenye namba nyingine ya toleo inahitaji angalau mfululizo mmoja wa mzimuo, hasa kama ni ya poliklonali (mchanganyiko wa kingamwili nyingi tofauti).

Kwenye ripoti andika uzito wa bendi uliyoipima, namba ya katalogi na ya toleo ya kingamwili, mizimuo yote miwili (ya kingamwili ya kwanza na ya pili), mikrogramu kwa njia, aina ya utando, muda wa picha, namna usuli ulivyoondolewa, na idadi ya marudio ya kibiolojia. Ambatanisha picha ya utando mzima, picha ya rangi, na mchoro wa mfululizo wa mzimuo wenye mwinamo wake. Bendi za kidhibiti zisikatwe kuwa ukanda mwembamba unaoficha kilicho juu na chini yake, kwani bendi ya ziada iliyoko kDa 5 tu pembeni ni habari ambayo msomaji anaihitaji.